Mstari Mweusi kwenye Jina la Yaya

Jumanne moja ya mwezi wa tatu kaka yangu mkubwa Joachim, ambaye kwetu Likasi namwita yaya, alikwenda kutia sahihi kwenye kontra, mkataba wa kazi wa kwanza wa maisha yake, akarudi bila kazi na bila jina.

Aliingia kwangu saa nne, akakaa kwenye kiti cha wateja. Nikamwambia asikae pale, mguu mmoja wa kile kiti ni mbovu na yeye mwenyewe ndiye aliyesema atauchomelea tangu mwaka jana. Hakusikia. Alikuwa ameshika bahasha yake ya kaki, anaigeuza mbele, anaigeuza nyuma.

"Banasema minye niko kazini," akasema.

"Kazi gani?"

"Kule Kakontwe, kwenye mawe. Tangu miaka tatu."

"Yaya, ulikunywa?"

"Sikunywa kitu, Marlène. Banasema nilishaanza. Hata likizo niko nayo, mwezi wa sita."

Nikazima mashine. Miye nina meza moja pale Kikula, hatua chache kutoka sokoni: mashine ya fotokopi, chombo cha kubandika plastiki, na kompyuta inayowaka siku ikitaka. Nimesikia mengi kwenye ile meza. Mtu kuja kuniambia ameajiriwa bila yeye kujua, hilo sijawahi kulisikia.

Akanieleza, na kila alipoeleza alirudi nyuma kuanza upya. Kuna ofisi inayotafutia machimbo ya chokaa wafanyakazi. Walimwita kwa simu: fundi wa kuchomelea vyuma, aje Jumanne na vitambulisho vyake. Mkubwa wa pale anaitwa bwana Jean-Luc. Bwana Jean-Luc akaandika jina kwenye kompyuta, Mwilambwe Ilunga Joachim, na kompyuta ikamjibu kwamba mtu huyo yupo. Amezaliwa Likasi, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, baba ni baba yetu, mama ni mama yetu. Brevet, cheti cha ufundi wa kuchomelea, namba ileile, shule ileile. Anafanya kazi kwenye mashine ya kusagia mawe. Mwaka jana aliugua malaria, akatibiwa siku nne.

"Minye pia niliugua malaria mwaka jana," yaya akasema. "Lakini nililala kwangu, Germaine alinipikia majani. Sasa ni nani aliugua?"

"Weye uliugua, yaya. Na ule mwizi pia aliugua."

"Alinionyesha picha yake. Kijana moja, masikio makubwa. Niliangalia muda murefu sana, nikajiuliza kama si minye wakati ya zamani."

"Haukukuwaka na masikio makubwa hata siku moja!" Nilipiga kelele mpaka wapita njia wakageuka. Hasira ilinipanda, kwa sababu nilimwona kweli anajigusa sikio.

Ngoja niseme Joachim ni nani, kwa sababu siku ile yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Baba yetu alifanya kazi kiwandani Shituru, tulikaa nyumba ya kampuni, na Joachim alibatizwa parokia ya kule, picha ninayo. Baba alipofariki nyumba ilirudi kwa wenyewe, sisi tukapanda Kikula. Joachim alimaliza shule ya ufundi kwa kuosha magari ya watu asubuhi. Tangu hapo amechomelea milango, madirisha, vitanda, mikokoteni, hata kengele ya shule moja. Ukipita Kikula ukagonga mlango wa chuma, kuna bahati kubwa umegonga kazi yake. Mikono yake ina alama ndogo ndogo za moto mpaka viwiko, na jicho la kushoto linatoa machozi jua likiwa kali. Ana miaka arobaini na nane, na hakuna bosi hata mmoja aliyewahi kuandika jina lake mahali. Wanamwita "fundi, kuya hapa", na kazi ikiisha wanamfukuza kwa mdomo.

Kontra aliitaka kwa ajili ya Germaine, mke wake. Germaine ana ugonjwa wa sukari, na kidonda cha mguuni hakitaki kufunga. Mwenye kontra, mke wake anatibiwa hospitali ya kampuni. Hiyo tu. Nguo mpya hakuitaka, wala sikukuu. Alitaka jina lake liandikwe pale ili mguu wa mke wake ufungwe.

Tulipokuwa tunaongea akapita mama Mamie, muuza karanga, kama anavyopita kila Jumanne na Ijumaa. Aliinama chini ya meza yangu, akachukua karatasi zilizokuwa ndani ya sanduku, akatuachia vifuko viwili vya karanga. Yaya alifungua chake, akatafuna bila kujua anatafuna nini.

"Muntu anaweza kuibiwa namna gani na vitu vyote iko navyo?" akauliza. Akatoa karte yake ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho chenyewe, akaiweka mezani. Picha ilikuwa imefutika kwa jasho na miaka. Kilichobaki ni kola ya shati. "Tazama. Ile ya mwizi inaonekana vizuri. Yangu haionekani. Donc nani njo mwizi?"

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta mkosaji, na nikitafuta mkosaji miye sichelewi.

Wa kwanza alikuwa Germaine. Nilifunga duka, nikaenda naye yaya mpaka kwao, nikamkuta wifi yangu Germaine ameweka mguu juu ya kigoda. Yaya alimweleza habari ya kijana mwenye masikio na brevet, na miye hata salamu sikumaliza.

"Mulamu, karte ya mume wako uliikopesha nani?"

Kwetu karte inatembea. Shemeji hana karte, anataka namba ya simu, unampa yako, anakwenda kuandikisha namba kwa jina lako, anarudisha jioni. Nani atakataa? Ukikataa wanasema una roho mbaya. Germaine ana ndugu sita wa kiume, nami wote sita niliwaona mbele ya macho yangu wamejipanga na karte ya yaya mkononi.

"Moja tu," Germaine akasema. "Dodo, mudogo wangu, sasa miaka ine. Na alirudisha."

"Ah-ha!"

"Ah-ha nini? Dodo iko na masikio ya kawaida. Na brevet ya shule, niliikopesha pia? Inakaa ndani ya sanduku, na ufunguo iko naye Joachim. Weye Marlène, kabla ya kunichoma, ungeniuliza mguu namna gani."

Aliyonena yalikuwa kweli: mwizi alikuwa na karte na brevet pia, zote mbili pamoja. Brevet haitoki nyumbani kwa yaya ila kwa safari moja tu, kuja kwangu kupigwa fotokopi kila anapoandaa faili la kuomba kazi. Hilo nililijua miye mwenyewe na halikuniingia kichwani. Badala yake niliwashutumu makarani wa ofisi zote ambako yaya aliacha mafaili yake kwa miaka ishirini. Niliwahesabu. Nikasema wanauza majina ya watu. Nikasema nitakwenda ofisi moja baada ya nyingine. Yaya alikaa mlangoni, anaangalia mikono yake.

"Kitu kimoja sikukuambia," akasema. "Jean-Luc anawaza ni minye nilimukopesha yule kijana jina."

Na hilo linafanyika, sitadanganya. Kuna mwenye vyeti asiye na nguvu, na mwenye nguvu asiye na vyeti. Wanapatana, mmoja anafanya kazi kwa jina la mwingine, mwisho wa mwezi wanagawana. Bwana Jean-Luc aliwahi kuwakamata wawili wa namna hiyo. Alimwambia yaya: Ijumaa saa tatu uje na cheti cha ubatizo na mtu anayekujua tangu utoto. Yule mwingine pia nitamwita. Nikikuta mlipatana, wote wawili mnatoka, na hautaingia tena kwenye kampuni yoyote ninayoijua.

"Mais haukupatana naye!"

"Sikupatana. Lakini nitaonyesha namna gani? Kitu sikufanya, nitakionyesha na nini?"

Usiku ule sijui alilala vipi. Jumatano alikwenda parokia ya Shituru, wakamfungulia kitabu kikubwa, wakamwandikia cheti. Alhamisi alikuja kwangu mara tatu. Mara ya kwanza aliuliza kama mtu akifanya kazi miaka mitatu kwa jina lako bila kosa, sifa ni ya nani. Mara ya pili aliuliza kama itabidi yeye aende ile likizo ya mwezi wa sita. Mara ya tatu alisimama tu. Nikamwambia aende akachomelee kitu, chochote, kichwa kitulie.

Ijumaa asubuhi alileta karte, brevet na cheti cha ubatizo nimpigie fotokopi za kupeleka. Mashine yangu ina ugonjwa: ikishika joto, inachora mstari mweusi upande wa kushoto, kutoka juu mpaka chini, na katikati unakunja kidogo. Lazima nifungue, nipanguse, nipige tena. Mteja wangu simpi karatasi yenye mstari, nina kiburi changu. Siku ile tulichelewa, mstari ukatoka, nami sikuwa na muda wa kupangusa. Nikamwambia yaya twende hivyohivyo, Jean-Luc atasoma.

Ofisini walitupa benchi. Karani akatoka na karatasi, akaita: "Mwilambwe Joachim!"

"Niko," yaya akasema.

"Niko," akasema mtu mwingine mlangoni.

Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, vumbi jeupe la chokaa kwenye nyusi, masikio kweli makubwa. Waliangaliana. Nilikuwa nimejitayarisha kumrukia, nilikuwa nimevaa hata viatu vya kufungwa kwa kazi hiyo. Lakini yule kijana alivua kofia mbele ya yaya, akasema, "Papa, mbote," kwa sauti ya mtu aliyelala vibaya siku nyingi. Yaya akaitika. Yaya anaitika salamu ya kila mtu.

Ndani, jambo la kwanza liliisha upesi. Bwana Jean-Luc, mtu mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, alisoma cheti cha ubatizo, akamuuliza kijana mama yake alikuwa anaitwa nani nyumbani. Kijana akarudia jina lililoandikwa kwenye faili. Mimi na yaya tukasema pamoja: "Mama Tshala." Basi.

"Jina lako ya kweli?" Jean-Luc akauliza.

"Benoît."

"Benoît, karte hii ya papa ilikufikia namna gani? Alikupatia yeye?"

"Hapana, shefu."

"Alikuuzia?"

"Hapana. Simujui. Niliokota."

"Wapi?"

Benoît aligeuza kofia mkononi. "Ndani ya karanga," akasema.

Karani akacheka. Jean-Luc hakucheka. Alipiga meza kwa kiganja, akasema yeye si mtoto. Akamgeukia yaya: watu wawili wakipatana, sikuzote wanakuja na hadithi ya namna hii, mmoja ameokota, mwingine hajui kitu. "Papa, sema kweli. Mulikuwa munagawana?"

"Kugawana nini?" yaya akauliza. Alikuwa amepotea kabisa. "Karanga?"

Yesu wangu! Nilitaka kulia. Kila neno alilotamka lilimzamisha zaidi.

"Shefu, karatasi yenyewe iko ndani ya faili yangu," Benoît akasema. "Nilikuja na ile. Nilinunua karanga Kikula, vifuko viwili, nikafungua, nikaona moja ni karte, moja ni brevet. Jina moja. Minye sina karte, sina shule, nilitoka mbali kutafuta kazi, kila mahali banauliza karatasi. Nilienda na zile kwenye ofisi ya muji mwingine, nikasema nimepoteza vitambulisho, mwaka ya kuzaliwa nikaweka yangu, bananiandikia hati ya upotevu, banabandika picha yangu. Kuchomelea nilijifunzia hapa. Ninajua sasa."

Jean-Luc alifungua faili. Chini kabisa, nyuma ya hati yenye picha, kulikuwa na karatasi mbili zilizokunjwakunjwa, zenye doa la mafuta katikati. Akazitandika mezani.

Upande wa kushoto wa kila moja kulikuwa na mstari mweusi, kutoka juu mpaka chini. Katikati ulikunja kidogo.

Niliona sanduku langu chini ya meza, niliona mkono wa mama Mamie unaingia, nikaona vifuko vyote vya karanga nilivyokula kwa miaka kumi bila kununua hata kimoja. Karatasi mbaya za watu. Karte za watu, vyeti vya watu, vya ndoa, vya kuzaliwa. Nilikuwa najisifu kwamba simpi mteja karatasi yenye mstari, na sikujiuliza hata mara moja ile yenye mstari inakwenda wapi.

Hakuna aliyeniangalia. Yaya alikuwa anaangalia dirisha. Ningeweza kunyamaza, na nitasema ukweli, nilinyamaza. Nilihesabu ndani ya kichwa wateja wangu wote wa Kikula, nikaona wanatoka mmoja mmoja. Jean-Luc alikuwa ameshachukua kalamu. "Bien. Wote wawili," akasema, akaanza kuandika.

"Ni minye," nikasema.

"Mama?"

"Ni minye, shefu. Hii kopi ni ya mashine yangu." Nilimpokonya yaya bahasha, nikatoa zile za asubuhi, nikaziweka kando ya zile za karanga. Mistari ilikaa mahali pamoja, ikakunja mahali pamoja. "Ikitoka mbaya ninatupa chini ya meza. Mama wa karanga anabeba, anafungia. Yaya wangu hajui kitu. Aliniachiaka vitambulisho vyake juu niko mudogo wake. Yule kijana hadanganyi, na yaya hadanganyi. Andika jina langu minye."

Jean-Luc alivua miwani, akavaa ile ya kichwani, akapima mistari kwa rula. Kwa rula, kweli! Halafu akaichana karatasi aliyokuwa anaandika.

Yaya alipata kontra. Benoît alitolewa siku ileile, na bwana Jean-Luc alisema hatampeleka mahakamani kama papa mwenyewe hashitaki. Wote tukamwangalia yaya. Aliangalia karatasi, akaangalia Benoît.

"Uko na mutoto?" akamuuliza.

"Moja. Wa kike. Alizaliwa hapa." Benoît akainamisha kichwa. "Bamemuandika Mwilambwe, papa. Sikujua niandike nini."

Yaya akasema hashitaki, na akamwambia Benoît aende kwenye ofisi ya komini aseme kweli, mtoto aandikwe upya. "Akikua atatafuta Bamwilambwe wenzake, hatabaona," akasema. Kijana akavaa kofia, akatoka. Sikuwa na hasira hata ya kumtupia neno, na viatu vyangu vilinibana.

Njia nzima ya kurudi nilimwambia yaya nisamehe, nikamwambia mara nne. Alitikisa kichwa, na sikujua ametikisa ndiyo au ametikisa hapana. Pale mlangoni kwangu akaniambia nimsalimie mama Mamie, na sikujua tena kama ni mzaha.

Mama Mamie sasa ananunua magazeti ya zamani. Mimi nachoma karatasi zangu kila jioni nyuma ya duka. Wateja niliwaeleza mwenyewe, kabla hawajaelezwa na wengine. Wengine walikwenda, wengine wanasimama sasa karibu na mashine wakihesabu: nimeleta moja, umenipa nne, ile ya tano iko wapi? Nawapa. Germaine alianza hospitali wiki ya pili, na mguu wake unafunga. Aliponiona aliniuliza, "Mulamu, karte yangu nimukopeshe nani?" Akacheka mpaka machozi. Nilistahili.

Lakini yaya. Miaka ishirini yaya alikuwa anatupa bahasha mezani kwangu, anasema "nitapita kesho", anakwenda zake, hata risiti hajui ni nini. Jumatatu iliyofuata ile Ijumaa alikuja na kontra yake kuipiga fotokopi. Nikanyoosha mkono. Hakunipa. Alizunguka meza, akainua kifuniko mwenyewe, akaweka karatasi mwenyewe, kidole kimoja akakiacha juu yake. Mashine ilikuwa moto, mstari ukatoka. Nikapangusa, nikapiga tena, ikatoka safi.

Alichukua ile safi, akachukua kontra. Halafu akainama polepole na magoti yake mabaya, akaingiza mkono ndani ya sanduku chini ya meza, akatoa ile yenye mstari. Aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Aksanti, mama," akaniambia, kama anavyomwambia mtu yeyote wa sokoni, akatoka.